Nguo Tatu Mnarani

Haya niyaandikayo alinihadithia Mwikali, mke wa Kioko, mwaka wa themanini na saba, mvua za mwezi wa tano. Tulikuwa barazani kwangu hapa Kilifi tukichambua mchicha, mvua ikatufungia mpaka akamaliza. Yalimpata miaka minne kabla ya hapo, kule Ras Kidundu, mumewe alipokuwa mlinzi wa taa ya meli. Msichana wa watu nusura afe mbele ya macho yake kwa kukosa usingizi, na yeye mwenyewe nusura asirudi nyumbani. Nitayaweka kama alivyoyasema.

Mnara wa Kidundu uko juu ya mwamba, upande huu wa Watamu. Ulijengwa wakati wa Mwingereza, baada ya meli moja ya shehena kupasuka pale na watu wake kuzama. Mawe walichonga Wagiriama wa pale pale. Vioo vya taa vilitoka Ulaya ndani ya masanduku ya majani makavu, wapagazi wakayabeba kwa vichwa kutoka ufukoni. Wakati wa kujenga, fundi mmoja alianguka kutoka juu, na maji yalikuwa yamejaa, mwili wake haukuonekana tena.

Hayo yote Kioko alikuwa akiwaeleza wageni siku za Jumamosi, maana Jumamosi mnara ulikuwa wazi kwa watu kuutazama. Walikuja Wazungu wa mahoteli ya Watamu, watoto wa shule, na mabwana wa Nairobi na bibi zao. Akifika kwenye habari ya fundi, Kioko huinua macho juu, halafu husema, "Na mpaka leo hajashuka." Wageni walicheka. Watu wa pale hawakucheka. Kwao haukuwa mzaha.

Juu kabisa kulikuwa na chumba cha madirisha tu pande zote, na katikati yake kioo cha taa chenyewe, kikubwa kama uchaga wa mahindi. Kilikuwa vipande vipande vilivyopangwa kwa duara, na kijimlango cha mtu kuinama akaingia kuwasha. Taa ya ndani ilikuwa karabai ya mafuta, wala si kubwa sana. Ni kile kioo kilichoipeleka nuru yake mbali baharini, kikizunguka usiku kucha.

Siku Mwikali alipowasili kutoka Kitui, mumewe alimpandisha akamwonyesha.

"Usiku kioo hiki kinatoa mwanga," akamwambia. "Mchana kinauvuta ndani. Jua likikipata, pale katikati panakuwa jiko. Mapazia yafungwe kabla jua halijachomoza. Nikisahau mimi, usisahau wewe."

"Na tukisahau sote wawili?"

"Tutarudi Kitui kwa miguu, kama miguu itabaki."

Mapazia yale yalikuwa ya turubai ya zamani, yameliwa na chumvi. Kioko aliomba mengine ofisini, miezi ikapita. Asubuhi moja alivuta pazia likamwachia vumbi mkononi. Mwikali akaona ngoja niwe mwanamke wa nyumba. Akaenda Malindi, akaingia duka la vitambaa, akataka nguo nzito ya kuzuia jua. Mwenye duka akamtolea bandera nyekundu, na kaniki nyeusi, na bafta nyeupe. Hakuna rangi iliyotosha peke yake, akachukua zote. Bafta akaikunja mara mbili kwa kuwa nyepesi. Akashona kwa mkono: nyekundu, nyeupe, nyeusi, nyekundu, nyeupe, nyeusi, mpaka zikazunguka chumba kizima. Kioko akazitundika, akafurahi, akasema mnara umevaa.

Msomaji wa huku kwetu nadhani umekwisha kushika kichwa. Nguo hizo tatu zikitundikwa pamoja ni za pepo. Hazitundikwi bure, anazitundika mtu aliye na pepo wake, anayemlisha. Mwikali alilelewa kanisani, huko bara, na hakuna aliyemwambia. Zilionekana tangu mashambani, jua la asubuhi likizipiga, pale juu alikoanguka fundi.

Alianza kuyaona kisimani. Akifika, wanawake wanampisha wote kwa pamoja, na hakuna aliyetaka ndoo yake iguse ya mwenziwe.

"Teka, mke wa mnara. Hayo ni maji ya Kioko au ya mumeo wa juu?"

"Muacheni jamani, mwenye waume wawili anaoga mara mbili."

Walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu anayepita makaburini. Baadaye hata kucheka wakaacha. Akaanza kukuta majivu yamemwagwa kwenye njia yake. Asubuhi moja akakuta yai mlangoni mwa mnara, limewekwa wima kwenye mchanga. Kioko alisema ni watoto. Mwikali akaliruka yai lile, na tangu siku hiyo akawa anasali kabla ya kupanda ngazi na baada ya kushuka.

Basi Jumamosi moja Kioko alikwenda Kilifi kuchukua mafuta, na kurudi ni alasiri. Akaagiza wageni wakija waambiwe hakuna ruhusa. Saa tatu hivi asubuhi Mwikali akasikia hodi.

Alikuwa mama mnene wa makamo, na nyuma yake msichana wa miaka kama kumi na mitano. Msichana alitembea kama mtu anayevuka maji ya magoti. Macho yake mekundu, midomo imekauka, mifupa ya shingo imetoka nje.

"Shikamoo, mama," akasema Mwikali.

"Marahaba. Mimi ni Kahonzi, wa mji ule pale kilimani, unaotazamana na mnara. Huyu ni mwanangu Nyevu. Tumekuja kutembea mnarani. Si leo Jumamosi?"

"Ni Jumamosi, mama, lakini mwenyewe hayupo."

"Wazungu mnawapandisha, sisi tukija mwenyewe hayupo. Mawe haya aliyachonga babu yangu."

Mwikali aliona haya. Tena, aliniambia, alikuwa na wiki nyingi hajasemeshwa vizuri na mwanamke yeyote. Akauliza, "Mtoto anaumwa?"

"Halali. Tangu mlipotundika nguo zenu hajalala usiku hata mmoja. Nimempeleka hospitali, akapewa vidonge, akavimeza, akakaa macho. Juzi alianguka jikoni, uso ukapita hivi karibu na moto. Anakufa huyu, unavyomwona amesimama." Aliyasema kama mtu anayesema mvua itanyesha. "Kwa hiyo nimekuja huku."

"Huku kuna dawa gani, mama?"

"Tupande," akasema Kahonzi.

Hapo nywele zilimsimama Mwikali. Angeweza kufunga mlango. Lakini yule msichana alikuwa ameegemea ukuta, anapepesuka, na yeye akafikiri labda wakishaona juu kulivyo hofu itawatoka. Akatangulia. Nyuma yake alisikia pumzi za Kahonzi zikipanda, na katikati miguu ya Nyevu ikiburuzwa. Kwenye ngazi ya mwisho, ile ya chuma, msichana alishika chuma akakataa.

"Mama, ndiko anakotoka."

"Najua mwanangu. Panda."

Akamsukuma kwa bega lake.

Chumba kilikuwa na joto, na jua la nje likipenya zile nguo liliwapaka nyuso. Kahonzi mwekundu, msichana mweupe kama aliyekwisha kufa. Kahonzi akaufunga mlango wa sakafuni akasimama juu yake. Kisha akatoa kisu chini ya leso yake.

"Mke wa Kioko, mimi sina ugomvi na wewe. Yule fundi ni wenu, mlisheni mnavyopenda. Lakini mke asitafutiwe kwangu."

"Mke gani? Mama, haya ni mapazia!"

"Kila usiku anakuja ukutani kwetu kumtazama mwanangu. Anatazama, anakwenda, anarudi. Kabla ya nguo hizi hakuwa akija. Wewe ndiye uliyemwamsha." Akakitazama kile kioo kikubwa na kijimlango chake. "Na nyumba mmemjengea, kumbe. Mganga aliniambia mwanangu aingizwe nyumbani mwa huyo fundi, nguo zake zichanwe, jua limwone aone haya amwache mtoto."

Mwikali akaelewa mambo mawili kwa mara moja: mtoto ataingizwa ndani ya kioo, na mapazia yatachanwa jua liingie. Akaruka kumshika msichana. Kisu kikapita mbele ya uso wake, karibu, akasikia upepo wake. Kahonzi alikuwa na nguvu za mtu wa jembe. Alimsukuma Nyevu kwenye kijimlango, msichana akaingia kwa kuinama, akakaa chini kando ya karabai, magoti kifuani, kama aliyeambiwa angoje. Hakuwa na nguvu za kukataa. Mama yake akauziba mlango ule kwa mgongo wake, akanyoosha mkono, akachana bandera, akachana bafta, akachana kaniki, upande wote wa mashariki.

Jua likaingia.

Mwikali aliniambia hajapata kuona kitu kizuri hivyo na cha kutisha hivyo. Rangi zote zilimwagika ukutani, zikatetema. Na ndani ya kioo, juu ya bega la yule mtoto, palitokea doa dogo jeupe, dogo kama kucha. Nyevu aligeuza shingo akalitazama. Halafu leso yake ikaanza kutoa moshi.

"Mtoe! Mama, anaungua! Mtoe!"

"Anayeungua si mwanangu, ni yule fundi!" Uso wa Kahonzi ulikuwa umejaa machozi na furaha. "Muone, anatoka! Toka! Toka kwa mwanangu, toka!"

Nyevu akalia sasa, sauti nyembamba, akajaribu kutoka, akakuta mgongo wa mama yake. Akajisogeza huku, doa likampata. Akajisogeza kule, likampata jingine. Na kando ya kiwiko chake ndipo ulipopita mrija wa mafuta. Mwikali alivuta mkono wa Kahonzi, akauuma hata kwa meno, ikawa kama anauma gogo. Kila alivyopiga kelele kuwa ni moto, ndivyo Kahonzi alivyozidi kuamini. Moshi ule ndio aliokuja kuutafuta.

Basi Mwikali akaacha kuvuta. Akasimama wima. Aliniapia kuwa hakufikiri, maneno yalikuja kwa kinywa chake yakamtia hofu yeye mwenyewe.

"Kahonzi. Nani aliyemfunga huyu fundi?"

Kahonzi akamtazama. "Wewe."

"Atafunguliwa na nani?"

Kahonzi akageuza shingo kumtazama mwanawe.

"Akitoka na jua atatoka na roho ya mtoto. Ndivyo nilivyomfunga. Anataka nguo zake, ashukie gizani. Shika huku. Shika haraka, mtoto anakwenda!"

Na yule mama, na kisu chake, na nguvu zake zote, akatii. Akaokota bandera, akainua juu ya kioo cha dirisha kwa mikono miwili. Mwikali akainua kaniki, akaibana kwa kifua chake na mashavu. Chumba kikawa chekundu na cheusi tena. Doa likapotea. Mwikali akamwambia Kahonzi abane zote mbili, naye akamtoa msichana kwa makwapa, akauzima ule moshi kwa viganja vyake.

Wakashuka. Chini, nyumbani kwa Kioko, Mwikali alimwagia msichana maji begani. Ngozi ilikuwa imetoka, duara dogo, na jingine kando. Kahonzi alikaa sakafuni.

"Ametoka?" akauliza.

Mwikali alitaka kusema hakuna aliyeingia. Akakitazama kile kisu juu ya mkeka. "Sijui," akasema. Akamgeukia msichana. "Nyevu, anakujaje? Niambie mimi."

Nyevu akaugeukia ukuta. Aliinua kidole akakipitisha ukutani, kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, polepole, akakishusha. Akangoja. Akakiinua tena, akakipitisha. Akangoja.

Na Mwikali aliijua ile ngoja-ngoja. Alikuwa amelala chini yake tangu alipotoka Kitui. Ilikuwa ni taa.

"Inaingia wapi?"

"Juu ya ukuta, penye makuti. Inapita juu yangu. Nikifumba macho naiona. Nikijifunika naingoja."

Mwikali hakujaribu kumweleza Kahonzi. Alikwisha kuona maelezo yanavyokwenda. Alisema tu, "Mama, leo usiku hatapita."

Kahonzi akaokota kisu chake. "Haya. Basi leo utalala kwangu wewe. Akilala mwanangu, utaamka kwenu. Asipolala, ndugu zangu wako pale, na mimi sitawazuia."

Kioko aliporudi na mapipa yake ya mafuta, aliwakuta wote watatu wamekaa ndani kama wafiwa. Mwikali akamvuta nje akamweleza. Mume akashika kichwa, akataka kwenda kuita polisi Watamu, akataka kumfukuza yule mama, akataka kila kitu.

"Kioko, nisikilize. Taa inapita bara?"

"Inazunguka. Inapita kote."

"Ya nini ipite bara? Kuna meli huko Ganze?"

Kioko akageuka akautazama mnara. Halafu akasema pole pole kuwa turubai za zamani, zile za upande wa bara, vikulabu vyake vilikuwa vimeshika kutu hata akavivunja kwa nyundo alipotundika nguo mpya. Yaani hazikuwa zikifunguliwa, mchana wala usiku, na hizi mpya yeye huzifungua zote kila jioni. Mzee Gerishom aliyemwachia kazi, mtu wa Rabai, hakumwambia. "Nami nilidhani ni uvivu wake, hataki kuzunguka chumba kizima."

"Basi rudisha uvivu wa Gerishom."

"Na mkubwa akija akakuta nimefunika upande?"

"Mkubwa hatakuja leo. Ndugu za Kahonzi watakuja."

Kioko akapanda akagongelea kaniki upande wote wa bara kwa misumari. Kwenda na mkewe hakuweza. Jua lilikuwa linashuka na taa haiachwi peke yake, meli hazijui habari za Kahonzi. Alisimama mlangoni akimtazama mkewe anavyopanda kilima kati ya wale wawili. Mwikali hakugeuka nyuma. Aliogopa akigeuka atakimbia.

Mji wa kina Kahonzi ulikuwa nyumba tatu za udongo. Garama, kaka yake Kahonzi, alikuwa ameketi na wanaume wengine mbele ya mlango. Hakuna aliyejibu salamu. Mwikali alipopita, Garama alivuta miguu yake ili nguo ya Mwikali isimguse. Mlango ukafungwa nyuma yake, akasikia wanaume wakisogeza vigoda vyao karibu.

Giza lilipoanza kushika, wakakaa watatu kitandani, macho ukutani. Mwikali aliona penye makuti lile pengo, jeusi-jeusi bado. Alijua Kioko saa hii ameinama anapampu karabai. Akafikiri: na msumari ukichomoka? Na kama sikuelewa? Labda mtoto ana ugonjwa wake mwingine, na mimi nimeweka shingo yangu kwa kidole chake.

Nje mtu akasema, "Imewaka."

Nyevu akakaza mwili wote. Mkono wake ulimshika Mwikali kifundoni, kucha zikazama. Wakangoja. Ukuta ukabaki ukuta. Wakangoja tena.

"Hajapita," akasema Nyevu.

"Nyamaza," akanong'ona mama yake.

"Amechelewa."

"Nyamaza, asije akakusikia."

Kucha zilianza kulegea. Kichwa cha msichana kikaenda mbele, kikarudi, kikaenda, halafu akaanguka mzima kwa mara moja mapajani mwa Mwikali, kama mzigo uliokatwa kamba. Hakusogea. Kahonzi akaruka, akapiga ukelele uliomezwa nusu, na nje vigoda vikaanguka. Mlango ukapigwa bega. Kahonzi aliweka kiganja penye pua ya mwanawe, akakiacha hapo. Mwikali aliniambia alihesabu dhambi zake zote na alikuwa ameanza upya.

"Wee Mkamba," Kahonzi akasema. "Anakoroma."

Akautia mgongo mlango uliokuwa umefunguka nusu. "Tokeni. Amelala. Mkimwamsha nitawachoma nyinyi na kisu hiki hiki."

Kisha akajilaza pale pale mlangoni, kisu chini ya kichwa, na baada ya kitambo naye akawa anakoroma kuliko mwanawe. Mwikali hakuthubutu kusogeza paja lililokufa ganzi. Aliutazama ukuta. Alijua kilichokuwa kikipita na kwa nini sasa hakipiti, aliijua hata misumari yake, na bado alikuwa akikingoja. Alilala akiwa amekaa.

Asubuhi Kahonzi alimsindikiza mpaka mwisho wa shamba, akampa mihogo. Nyevu walimwacha bado yuko usingizini.

"Mke wa Kioko, ulimfunga vizuri. Usimfungue tena."

Mwikali akaiweka kichwani mihogo ile. "Sitamfungua, mama," akasema, na njia nzima akamwomba Mungu msamaha.

Alimkuta Kioko kwenye ngazi za chini za mnara, macho mekundu, mikono inanuka mafuta. Mapazia yalikuwa yamefungwa, yale yaliyochanika ameyashikiza kwa pini. Hakuwa amekwenda kitandani. Usiku mzima kila kioo kilipozunguka alichungulia kilimani kama kuna moto.

"Amelala?"

"Amelala. Mpaka sasa. Lakini yule mama anasema nisimfungue fundi, sasa wewe niambie, leo Jumapili nikienda kanisani nikakutana naye njiani, nimwambie..."

Kioko alikuwa ameegemeza kichwa kwenye mawe, mdomo wazi, viatu miguuni, amelala.